Sanduku la Barafu

Miaka sita tuliomba kibali,
miaka sita bahati nasibu ikatupiga chenga.
Wa saba ikaja karatasi ya Wyoming, imekunjwa mara tatu,
na shemeji yangu Verlin akaibandika kwenye friji
juu ya kadi ya miadi ya daktari.

Tukaondoka Iowa saa tisa usiku.
Mahindi yalikwisha vunwa,
mabua yamesimama kama ndevu za mgonjwa.
Halafu Nebraska, ambayo haiishi,
na ikiisha inaanza tena.
Nyuma ya gari, sanduku refu jeupe,
mifuko minne ya barafu, na nafasi.
Kila shimo la barabara liligonga kifuniko:
nijaze, nijaze.

Muuza risasi wa mji wa mwisho alitukagua viatu.
"Mmetoka chini?" akauliza.
Chini! Kana kwamba tumefufuka.

Siku ya kwanza, kichwa. Hewa nyepesi kama uji wa kukopa.
Siku ya pili theluji, na juu ya theluji kwato,
kila alama moyo mdogo uliopasuliwa kati.
Tukazifuata hadi zikaingia mwambani
na mwamba haukusema kitu.
Siku ya tatu majike ishirini na moja,
wanene, wapole, wanatupita kama wanakwenda kanisani.
Kibali kinasema dume.
Siku ya nne Verlin alibaki hemani.
Akasema ni goti.

Siku ya tano, alfajiri, yule.
Ng'ambo ya korongo, kati ya misonobari miwili,
pembe zake mti uliopukutika,
mvuke ukimtoka puani.
Yadi mia mbili na kumi. Upepo unatupiga usoni.
Nikavua glavu kwa meno.
Kidole kikajua mahali pake.
Nikatoa nusu ya pumzi, nusu nikaiweka.

Hapo Verlin akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha vumbi.
Kilitoka mbali, kilikuwa na ngazi, kikazipanda moja moja,
naye akikiziba kwa kofia, kwa kiwiko,
kwa theluji aliyoikomba na kujishindilia mdomoni.
Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Kikohozi chenyewe je,
nani alitufundisha kukificha?

Kulungu akageuza shingo.
Alitutazama muda wa kutosha kunitia haya,
kisha akaondoka. Hakukimbia. Aliondoka
kama mgeni aliyebisha hodi
akasikia nyumba ina mambo yake.

"Samahani," akasema Verlin.
Akaisema tena mteremkoni, akaisema Rawlins,
akaisema Nebraska nzima, na Nebraska unaijua.
Nikamwambia bunduki ya marehemu baba imepinda mtutu.
Haijapinda.

Kwenye kituo cha mafuta wanauza soseji za kulungu,
zimebanwa kwenye plastiki, dola tatu.
Tukanunua mbili. Tukala bila kutazamana,
kisha tukatazamana,
na tukacheka hadi chenyewe kikarudi
nikamshika bega mpaka kilipopita,
na magari yakaendelea kujaza mafuta.

Dada yangu Darlene alitungoja barazani, mikono ndani ya aproni.
Alifungua sanduku kabla hatujashuka vizuri.
Maji. Kopo moja la soda linaelea.
Akaniangalia mimi, hakumwangalia mumewe.

"Upepo uligeuka," nikasema.

Sasa ni Januari, na fomu zimetoka.
Bei imepanda. Kwenye friji yao
hakuna tena pa kubandika karatasi.
Nimeandika jina langu.
Chini yake nimeandika la Verlin, kwa herufi kubwa,
nikakandamiza kalamu
hadi wino ukatokea upande wa pili, juu ya meza.